SOMO: Pawa amplifaya ya zamani kutoka Japani, kuanzia kununua hadi kuifunga bila kuiunguza

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Nimepata pawa ya Kijapani, nimechomeka, imetoa moshi, shida nini?" Shida ni umeme. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamjibu kwa namba ya hatua tu.

Nazungumzia pawa tupu, yaani amplifaya isiyo na redio, haina toni, na nyingi hazina hata kitufe cha sauti. Zile za miaka ya 70 na 80 zinazokuja na mitumba au watu wanazoagiza wenyewe: Yamaha, Sansui, Pioneer, Technics, Kenwood, Sony, Accuphase.

1. Jua unanunua nini. Pawa tupu inahitaji priampu mbele yake, yaani kifaa cha kuchagua chanzo na kurekebisha sauti. Kama huna, nunua amplifaya ya kawaida yenye vyote, usijitese.

Kimbilia zenye tranzista za kawaida. Sony TA-N5550 na Yamaha B-2 zinasifiwa sana, na sifa ni za kweli, lakini zinatumia V-FET, tranzista za aina ya pekee ambazo hazitengenezwi tena. Ikifa moja, umebaki na pambo la kilo nyingi.

2. Soma kibati cha nyuma. Ya soko la Japani imeandikwa AC 100V 50/60Hz. Iliyotengenezwa kwa ajili ya nje huandikwa 120V, 220V au 240V, au ina swichi ya kuchagua volti. Hakuna kibati? Chukulia ni 100V.

3. Ukiagiza mnadani Japani, soma maneno ya muuzaji. "Janku" maana yake inauzwa ilivyo, hakuna kurudisha. Si lazima iwe imekufa. "Tsuden kakunin zumi" maana yake imechomekwa na taa imewaka, basi. Sauti haijajaribiwa. "Dosa kakunin zumi" ndiyo iliyojaribiwa kufanya kazi. Omba picha ya ndani na ya jeki za spika. Uliza uzito, maana nauli ndiyo itakayokuumiza.

4. Stepudauni, yaani transfoma ya kushusha volti. Soma hapa mara mbili. Hatua hii nami niliwahi kuikosea, na ndiyo inayoua amplifaya nyingi kuliko uzee.

Ukichomeka transfoma ya 100V kwenye 230V, chuma chake kinashiba sumaku na koili inavuta mkondo mkubwa mno papo hapo. Ukiwa na bahati fyuzi inakata. Kama mwenye nayo wa kwanza aliweka waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, koili inaungua, na transfoma ya namna hiyo huipati dukani.

Nunua stepudauni KABLA ya amplifaya ifike. Iwe ya 230V kwenda 100V, si 110V. Angalia wati kwenye kibati cha amplifaya, kisha zidisha mara mbili: ikisema 250W, tafuta 500VA. Usichukue vile vidude vyepesi vya wasafiri vilivyoandikwa wati 1600. Vile vinakata wimbi la umeme vipandevipande, ni vya pasi na vikausha nywele. Na ile adapta ya plagi haibadili volti hata moja, inabadili umbo la meno tu.

Stepudauni ziko za aina mbili. Ya bei rahisi ina koili moja iliyotolewa tawi katikati. Inafanya kazi, ila waya wake wa pamoja ukikatika, umeme wa ukutani unapita hadi kwenye amplifaya. Ya koili mbili zisizogusana ni ghali na nzito zaidi, lakini haina hatari hiyo. Kwa amplifaya ya thamani, lipa.

ONYO LA KWANZA: usikate plagi ya meno mawili bapa na kuweka ya meno matatu. Siku ukiwa haupo, mgeni au mtoto ataichomeka ukutani. Acha meno bapa, na stepudauni iwe na soketi ya meno bapa. Meno hayo ndiyo ulinzi wako.

ONYO LA PILI: kabla ya kuunganisha chochote, chomeka stepudauni peke yake, pima inatoa ngapi. Bila mzigo inaweza kuzidi kidogo, 103V au 104V si tatizo. Ikisoma 120V, irudishe.

ONYO LA TATU: ndani ya baadhi ya amplifaya kuna nyaya za transfoma zilizofungwa na kufunikwa, za volti nyingine. Fundi anaweza kuzitumia ipokee 230V moja kwa moja, ila awe na mchoro wa mtambo huo huo, si wa "unaofanana". Na akishabadili, fyuzi ya umeme ishuke: ya 5A kwenye 100V inakuwa kama 2.5A kwenye 230V. Wengi husahau hili.

5. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha. Kama iliwahi kuwashwa karibuni, mwaga kwanza umeme wa kapasita kubwa kwa rizista ya omu 220, wati 10, uishike sekunde ishirini kila kapasita, halafu pima kwa mita. Usitumie bisibisi.

Tafuta kapasita zilizovimba, fyuzi za uongo, na gundi. Gundi hii haizungumzwi vya kutosha. Viwanda vya Japani vilibandika kapasita kwa gundi ya rangi ya maziwa au njano. Baada ya miaka mingi inageuka kahawia, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya rizista na dayodi. Ikwangue kwa kijiti cha mbao, taratibu.

6. Washa kupitia taa ya siriz. Balbu ya wati 100 ya zamani, ile ya waya unaowaka na kutoa joto. LED haifai. Iunge mfululizo kwenye waya wa moto, upande wa 230V, kabla ya stepudauni. Spika zisiwepo. Ukiwasha, balbu itang'aa sekunde moja kisha ififie hadi wekundu hafifu. Ikibaki inang'aa, zima: kuna shoti ndani. Isipokuwa zile za daraja A kama Pioneer M-22, ambazo hula umeme mwingi hata zikiwa kimya.

7. Pima DC (umeme wa mkondo mnyoofu, ambao haupaswi kufika kwenye spika) kwenye jeki za spika. Toa taa, washa, subiri relei (swichi ya ndani inayounga spika) igonge. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Kati ya 50 na 100 inavumilika. Volti nzima au zaidi, spika zisiguse kabisa. Ukisoma 40V hivi, tranzista za mwisho zimeungua na relei imeshindwa kukata.

8. Bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita kwenye tranzista za mwisho hata kukiwa kimya. Kama huna mwongozo wa fundi, usiguse. Trima (kidude cha kuirekebishia) ya miaka arobaini ikigeuzwa inaweza kupoteza mguso katikati, na kwenye mitambo mingi hapo bayasi inaruka hadi juu na tranzista zinakwenda. Mwenye mwongozo: ipashe joto nusu saa, pima milivolti kwenye rizista ya emita. Mfano, milivolti 10 kwenye omu 0.22 ni kama miliampea 45.

9. Unganisha. Spika za omu 8. Nyuzi za waya zisitoke nje ya jeki. Acha sentimita 10 za hewa juu. Washa priampu kwanza, pawa mwisho. Kuzima, pawa kwanza.

MASWALI

Kutoka Mwanza: Mkuu, yangu ni Yamaha, inafaa?

Jibu: Yamaha ni jina la kiwanda. Kibati kinasema nini? Hatua ya 2.

Kutoka Nakuru: Asante kwa somo. Nina stepudauni ya 110V niliyonunua kwa sababu ya blenda ya Marekani. Tofauti ya volti kumi tu inaweza kuleta shida kweli?

Jibu: Swali zuri, twende kwa hesabu. Soma stepudauni yako inataka kuingiziwa ngapi. Kama ni 220V kwenda 110V na huko Kenya unapata 240V, inakutolea 120V. Hiyo ni asilimia 20 juu ya 100V, na kila volti ya ndani inapanda vivyo hivyo. Kapasita za 63V zilizokuwa zinabeba 55V sasa zinabeba 66V. Hazilipuki siku hiyo. Zinachemka, zinavimba, miezi ikipita unalaumu amplifaya. Blenda haijali, amplifaya inajali.

Kutoka Muscat: Nataka kumpelekea ndugu yangu Unguja pawa ya Kimarekani, 120V 60Hz tu, haina 50. Volti nimeelewa, hizo hezi je?

Jibu: Wachache wanauliza hili. Kwenye 50Hz transfoma ya 60Hz inabeba sumaku zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo inavuma na kupata moto. Kinachohesabiwa ni volti kugawa kwa hezi: 120 kwa 60 ni 2. Ukiilisha 100V kwenye 50Hz, bado ni 2. Kwa hiyo mpe stepudauni ya 100V, ile ile ya Kijapani, transfoma itatulia. Nguvu itashuka hadi kama asilimia 70, na sikio halitaona tofauti kubwa. Za Japani hazina shida hii, maana Tokyo wanatumia 50Hz na Osaka 60Hz, zimetengenezwa kwa zote mbili.

Kutoka Dodoma: Yangu fyuzi ilikata nikaweka kubwa zaidi, ikakata tena, sasa inanuka. Niweke ya ngapi?

Jibu: Usiweke. Chomoa.

Kutoka Dodoma: Lakini nilipoinunua ilikuwa inawaka!

Jibu: Iliwaka kwenye volti ngapi? Hatua ya 4, yote, mpaka ONYO LA TATU.

Kutoka Arusha: Unatisha watu bure. Fundi wangu ana miaka ishirini kazini na hajawahi kutumia hizo taa zako.

Jibu: Sijamtukana fundi wako. Akiwasha bila taa na kukawa na shoti, tranzista zinaungua kabla hajafikia swichi, na anayezilipia ni wewe. Balbu na kishikio chake ni bei ya soda mbili tatu. Na muulize tranzista anazitoa wapi: 2SC5200 na 2SA1943 za bandia zimejaa sokoni, ndani zina kipande kidogo cha silikoni. Zinacheza vizuri kwa sauti ndogo, ukipandisha zinakufa.

Kutoka Morogoro: Upande mmoja unakatika sauti ikiwa chini, nikipandisha unarudi. Fundi anasema aruke relei, aunge moja kwa moja.

Jibu: Asiruke. Relei ndiyo inayokata spika pale tranzista inapokufa na kumwaga DC. Ukiiruka, siku hiyo spika inaungua pamoja nayo. Dalili zako ni za midomo ya relei iliyoota uchafu. Nunua mpya yenye volti ile ile ya koili, nyingi ni 24V, na miguu ile ile. Kupiga msasa kunasaidia wiki chache kisha inakuwa mbaya zaidi, maana umekwangua ile ngozi ya juu ya mdomo.

Kutoka Mbeya: Yangu inavuma mmmm hata sauti ikiwa sifuri. Kapasita zimekufa?

Jibu: Usikimbilie kapasita. Zima, chomoa nyaya zote za kuingiza, washa. Mvumo ukiondoka, pawa ni nzima. Umeunga kisimbuzi cha dishi? Chomoa waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi usikilize.

Kutoka Mbeya: Duh, umeondoka kabisa! Ni ule waya wa dishi.

Jibu: Dishi limeshikana na ardhi nje, mtambo wako umeshikana na ardhi ndani, basi umeme mdogo unazunguka kupitia waya wa sauti. Weka transfoma ndogo ya sauti ya kutenganisha kati ya kisimbuzi na priampu. Usikate waya wa ardhi wa plagi kama wengine wanavyoshauri, huo upo kwa ajili ya uhai wako.

Kutoka Kigoma: Simu naweza kuunga moja kwa moja bila priampu?

Jibu: Itacheza. Pawa nyingi hufika mwisho kwa volti 1 hivi, na simu nyingi hukaribia hapo. Lakini mlio wa ujumbe ukiingia na sauti iko juu, utapokewa na spika zako bila breki. Weka angalau kitufe cha sauti katikati, potenshiometa ya kilo-omu 10 ya pande mbili.

Kutoka Tanga: Somo safi. Nyongeza kwa sisi wa pwani: jeki zinaota ukijani kwa chumvi. Mimi huwasha nusu saa kila wiki hata kama sisikilizi, kutoa unyevu. Ila mijusi inapenda joto la mle ndani. Niweke wavu wa mbu juu?

Jibu: Wavu wa mbu unaziba hewa, na vumbi likishika ndiyo kabisa. Tumia wavu wa chuma wa matundu ya kama milimita 5, ubandike chini na nyuma wanakoingilia, juu uache wazi. Inua amplifaya kwenye miguu mirefu kidogo. Na wavu uukate mbali na mtambo, vile vipande vidogo vikiangukia ndani ni shoti.