Jifunze kuandika programu kwa seva ya gemu nyumbani kwako

Nimemaliza bando nyingi kwa video za kufundisha programu. Walionifundisha hasa ni madogo wa mtaani kwangu Tandika, wanaokuja jioni na simu zao kucheza kwenye seva yangu, yaani kompyuta inayowakutanisha kwenye gemu moja. Nawe waandalie seva madogo wa mtaani kwako.

Hatua ya kwanza, pakua Luanti, jukwaa la gemu za kujenga kwa matofali ambalo hadi 2024 liliitwa Minetest. Ni bure, kompyuta ya mtumba inalimudu, na lipo pia la Android. Ndani yake pakua Minetest Game. Bando linaliwa hapo tu. Baadaye washa hotspoti ya simu, zima data, unganisha kompyuta na simu za wenzako kwenye hotspoti hiyo, nao wataingia kwa anwani ya IP ya kompyuta yako, poti (namba ya mlango wa gemu) 30000.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kwenye folda ya mods, inayokaa modi, yaani nyongeza za gemu, tengeneza folda iitwayo karibu, yenye faili mbili. Ya kwanza, mod.conf, ina mstari mmoja: name = karibu. Ya pili ni init.lua:

core.register_on_joinplayer(function(player)
  local jina = player:get_player_name()
  core.chat_send_all("Karibu " .. jina)
  player:get_inventory():add_item("main", "default:torch 5")
end)

Hii ni Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazili mwaka 1993. Usinakili na kubandika, iandike herufi kwa herufi. Inasema: mchezaji akiingia, shika jina lake, mkaribishe, mpe mienge mitano.

Hatua ya tatu, washa modi hiyo kwenye ulimwengu wako, weka tiki ya kuendesha seva, anza. Ikigoma, usifute kitu. Fungua debug.txt, shuka hadi chini, utakuta jina la faili na namba ya mstari wenye kosa. Mara nyingi ni end au mabano yaliyosahaulika.

Sasa ita watu. Siku ya kwanza kwangu, dogo wa darasa la sita aligundua kwamba akitoka na kuingia tena anapewa mienge mingine. Akatoka, akaingia, akatoka, akaingia, mpaka akawa na mienge zaidi ya mia. Programu ilifanya nilichoiambia: kila anapoingia. Nilichotaka ni mara ya kwanza tu. Badili register_on_joinplayer iwe register_on_newplayer, zima seva, iwashe tena. Tofauti ya "kila" na "mara ya kwanza" niliielewa jioni ile, na sijaisahau.

Umeme wetu unaujua, kwa hiyo kila usiku zima seva kisha nakili folda ya worlds kwenye flashi.

Kesho yake dogo yuleyule alirudi: "Kaka, tuwekee amri ya kuturudisha nyumbani tukipotea." Anza na core.register_chatcommand, inayotengeneza amri ya kuandika kwenye chati, na mahali pa nyumba pahifadhi kwa player:get_meta(), hifadhi ya taarifa za kila mchezaji. Mimi ilinichukua siku tatu.