Matunda mbele, vilima nyuma: kuchapa kwa bamba la shaba lililoliwa na dawa

Chapa ya matunda yenye mandhari nyuma huharibika mahali pamoja: vilima hutoka vyeusi sawasawa na matunda, umbali ukapotea.

1. Bamba. Chukua shaba nyekundu ya milimita 1. Zinki achana nayo. Mistari yake hupanuka na kutoka chakavu. Piga tupa kingo ziwe mshazari, la sivyo zitakata karatasi. Toa mafuta kwa unga wa chaki na amonia kidogo.

2. Pasha bamba, paka nta iliyochanganywa na lami, nyembamba. Chora kwa sindano. Picha itageuka kushoto kulia.

3. Kulisha dawa, yaani kuiacha dawa ile shaba pale sindano ilipoondoa nta. Kukandamiza sindano hakuongezi weusi. Weusi huletwa na muda ndani ya dawa. Mchoraji wa chapa Jacques Callot (1592–1635) alipata umbali kwa njia hii hii: kulisha, kufunika, kulisha tena.

Dawa yenyewe ni feriki kloraidi, kemikali inayokula shaba: tumia ya Baumé 40 (kipimo cha uzito wa kimiminiko), nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi. Ukinunua chembe, zitie kwenye maji kidogo kidogo, usimimine maji juu yake, kwa kuwa huchemka. Vaa glavu na miwani. Chombo kiwe cha plastiki. Sinki la chuma litatoboka. Ziba mgongo wa bamba, kisha lisimamishe wima. Likilala chali, mashapo hujaa mistarini na dawa haishuki; likilala kifudifudi, viputo vya hewa hunasa.

Muda, ukihesabiwa tangu mwanzo: anga na vilima dakika 8, miti ya kati 20, matunda 45, vivuli vilivyo chini yake 75. Kila mara toa, suuza, kausha kabisa, ndipo ufunike kwa vanishi sehemu iliyotosha. Vanishi juu ya unyevu hubanduka, na huligundui hilo mpaka uchape. Ukomo wa vanishi uufuatishe ukingo wa kilima au tunda. Ukiishia katikati ya anga, alama itaonekana.

Dawa ya zamani au ya baridi huchelewa, kwa hiyo nambari hizo ni za kuanzia tu. Lisha kwanza kipande cha shaba ile ile kwa dakika 5, 10, 20, 40 na 80, ukichape.

4. Loweka karatasi ya pamba nusu saa. Ondoa nta na vanishi kwenye bamba, lipake wino, lifute kwa shashi, kisha lipitishe mashineni pamoja na karatasi.

Vilima vikizidi weusi, sugua mistari yake kwenye bamba kwa chuma chenye uso laini na tone la mafuta, uchape tena.