Ujumbe Mmoja, Watu Wanne: Namna ya Kutumia Mitindo ya Tabia Kwenye Kikundi au Ofisini

Mwezi wa sita, baridi ya milima ya Uporoto haimwachi mtu atoe mikono mfukoni. Tulikuwa kwenye kikao cha kikundi cha wakulima wa viazi, juu ya Uyole ukishika barabara ya Tukuyu, na mnunuzi alikuwa ameshaegesha fuso. Alitaka magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, kwa bei ya gunia la kawaida. Mwenyekiti akasema, "Tuuze, jua linazama." Mweka hazina akafungua daftari na kuuliza kilo ngapi zinapotea kwa kila gunia. Katibu akaanza kumtania dereva ili hali ipoe. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango hakutia neno. Baada ya saa nzima fuso liliondoka tupu, na kila mmoja wa wale wanne akarudi kwake akiamini kwamba tatizo ni wale watatu wengine.

Mwezeshaji wa kikao kile nilikuwa mimi. Begi langu lilikuwa na makaratasi ya mitindo ya tabia, yenye rangi na mishale, na hayakunisaidia chochote. Tangu hapo nimebadili namna ninavyolifundisha jambo hili, iwe kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kwenye ofisi za mjini Mbeya, au kwa wale wanaochambua parachichi kule Njombe. Utaratibu wenyewe ndio huu. Unachukua kama mwezi mmoja na unagharimu daftari moja.

Hatua ya 1: Anza na daftari, jaribio liache

Wengi huanza na jaribio la mtandaoni: unajibu maswali, unapewa herufi zako, unazituma kwenye kundi la WhatsApp. Mimi siku hizi siligusi. Mtu akiulizwa habari zake mwenyewe, mara nyingi hujibu anavyotamani kuwa, hasa bosi wake akiwa amesimama pembeni.

Kwa wiki mbili andika matendo, usiandike sifa. "Mkali" ni sifa. "Alimkatiza katibu mara tatu" ni tendo. Angalia mtu huuliza nini kwanza akiletewa jambo jipya: litaisha lini, nani wengine wamo, kwa nini tunabadilisha, au ushahidi uko wapi? Kisha angalia mambo yakiharibika anaongeza nini. Kuna anayeongeza sauti, kuna anayeongeza utani, kuna anayeongeza maswali, na kuna anayepunguza maneno. Hapo kwenye kuharibika ndipo pa kutazama sana, maana siku ya mavuno mazuri wote tunafanana.

Angalizo la huku kwetu: salamu zisikudanganye. Iringa na Njombe mtu akikupa "kamwene" na kuuliza habari za nyumbani mpaka za ng'ombe, hayo ni malezi. Hayakwambii kama anaweka watu mbele au kazi mbele. Anza kuandika pale salamu zinapoisha.

Hatua ya 2: Jiulize maswali mawili tu

Ukishapata kurasa kadhaa, jiulize kuhusu kila mtu: huyu huenda haraka au taratibu? Na jicho lake huangukia kwanza wapi, kwenye kazi au kwenye watu? Majibu yanakupa pembe nne.

Wazo hili si langu. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, alieleza mitindo minne mwaka 1928, na kutoka kwake ndiko zilikotoka herufi DISC, moja kwa kila mtindo, zinazotajwa kwenye semina. Majaribio yanayouzwa leo yalitengenezwa na wengine baada yake. Na kabla ya hao wote, Wagiriki wa kale waliwagawa watu mafungu manne kwa damu, kohozi na aina mbili za nyongo. Binadamu anapenda sana namba nne.

Herufi za kigeni hazikai kichwani, kwa hiyo vikundi vyangu vilichagua majina ya stendi. Anayekwenda haraka na kutazama kazi ni Dereva. Wa haraka anayetazama watu ni Mpigadebe. Wa taratibu anayetazama kazi ni Kondakta, kwa sababu haondoki mpaka chenji itimie. Wa nne, wa taratibu anayetazama watu, tulimwita Utingo, mpaka mama mmoja aliposimama na kusema yeye hajazaliwa kumwaga maji kwenye rejeta ya mtu. Alikuwa na haki. Tukambadilishia, tukamwita Figa: halisogei ovyo, na likitoka chungu kinamwagika.

Hakuna mtu aliye wa pembe moja tu. Watafiti wengi wa saikolojia siku hizi wanapenda zaidi kupima tabia tano kwa viwango, kama unavyopima uzito, kuliko kuwagawa watu kwenye mafungu. Pembe zetu nne ni za kuanzia mazungumzo.

Na kabila lisiingie kabisa humu. Utasikia Wahehe wana hasira, Wanyakyusa wabishi, Wakinga wanajua pesa. Huo ni utani, na kwenye ulanzi unanoga. Ukiuandika kwenye daftari umeacha kumtazama mtu aliye mbele yako.

Hatua ya 3: Watie shaka kwanza

Kabla ya kuwaambia watu lolote kuhusu mitindo yao, fanya mchezo huu. Waambie umeandika maelezo ya kila mmoja. Mpe kila mtu karatasi iliyokunjwa, yenye maneno kama haya: "Mbele za watu unaonekana umetulia, lakini kuna usiku unajiuliza kama ulifanya sawa. Unapenda mabadiliko kiasi, ila hupendi kubanwa. Una uwezo ambao bado hujautumia." Waombe wakupe alama, 0 hadi 5, kwa jinsi ulivyowapatia. Kisha waambie wabadilishane karatasi.

Kicheko kinachofuata ni somo tosha, kwa sababu karatasi zote ni moja. Bertram Forer aliwafanyia hivyo wanafunzi wake 39 huko Marekani mwaka 1948, na wastani wa alama walizompa ulikuwa 4.26. Maneno yenyewe mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Baada ya mchezo huu, hakuna atakayekuja na karatasi ya jaribio na kuitetea kama cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya 4: Andika ujumbe mmoja kwa namna nne

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapotumia nusu ya muda wote. Mtindo wa mwenzako hauna faida yoyote mpaka ubadilishe namna *wewe* unavyomfikishia jambo.

Turudi kwa yule mnunuzi. Tuseme gunia la lumbesa linabeba kilo 20 za ziada, na kikundi kina magunia 60. Hizo ni kilo 1,200, yaani magunia 12 ya kilo 100 yanayoondoka bure. Jambo ni hilo hilo kwa wote wanne.

Kwa Dereva, anza na uamuzi unaotakiwa, halafu mpe njia za kuchagua: "Mwenyekiti, shikamoo. Tukikubali lumbesa tunatoa magunia 12 bure. Njia ni mbili: auziwe kwa mzani leo, au tusubiri gari la kesho. Naomba jibu lako kabla ya saa kumi." Ujumbe unaishia hapo. Historia ya lumbesa hataisoma.

Kwa Kondakta, tuma hesabu mapema na umwachie nafasi ya kuikagua: "Dada, nimeweka hesabu hapa chini, kilo 20 mara 60. Hizo kilo 20 nimekadiria kwa macho, sijapima. Naomba upime magunia matatu kesho asubuhi uniambie kama nimekosea." Ona kwamba nimetaja mwenyewe pale hesabu yangu ilipo dhaifu. Ukimficha Kondakta udhaifu wa namba, ataugundua, na siku hiyo hatakuamini hata ukisema leo ni Jumatatu.

Mpigadebe usimwandikie, mpigie: "Kaka, wewe ndiye unayeelewana na watu wa fuso. Nani mwingine tunaweza kumpata sokoni Mwanjelwa jioni hii?" Atakuwa ameshapiga simu tano kabla hujafunga yako. Baada ya hapo mtumie kwa maandishi mlichokubaliana, maana hilo ndilo linalompotea.

Figa anahitaji muda, na anahitaji kusikia peke yake kabla ya kusikia mbele za watu. Mfuate jana yake: "Mama, kesho mnunuzi ataomba lumbesa. Viazi vya kila mtu vitaandikwa kwa jina lake, na hakuna atakayelazimishwa kuuza. Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Kimya cha nusu dakika kinaweza kukuelemea, lakini ukikijaza kwa maneno yako utasikia majibu yako mwenyewe.

Onyo moja: badilisha mpangilio, usibadilishe ukweli. Ukimwambia mmoja magunia 12 na mwingine magunia 8, jioni watakutana bombani na ndoo zao, watalinganisha, na kazi yako kijijini itakuwa imeisha.

Kama zoezi, kila mmoja amwandikie mtu wa pembe iliyo mbali na yake. Dereva amwandikie Figa. Nimemwona bwana mmoja, msimamizi wa vibarua, akitoa jasho kwenye zoezi hili kuliko alivyowahi kutoa shambani.

Hatua ya 5: Panga kikao kwa ajili ya wanaonyamaza

Vikao vyetu vingi vimepangwa kwa faida ya Dereva na Mpigadebe: anayesema kwanza na kwa sauti ndiye anayeshinda. Mimi hubadilisha mambo matatu. Ajenda inatumwa siku moja kabla. Kabla ya kujadili jambo zito, wote wanakaa kimya dakika mbili, mwenye kalamu anaandika na asiyeandika anafikiri. Halafu mzunguko wa kusema unaanzia kwa mdogo na kuishia kwa mkubwa, mwenyekiti akiwa wa mwisho kabisa.

Hilo la tatu linahitaji uliombee ruhusa kwa wazee kwanza, faragha. Mzee akishasema, nani huku atasimama kumpinga? Ukimweleza kwamba akisema mwisho atakuwa ameshasikia yote na neno lake ndilo litakalofunga, mara nyingi anakubali kwa furaha.

Hatua ya 6: Hakiki ulichoandika

Yule mama wa karibu na mlango nilimwandika Figa. Vikao vinne mfululizo hakusema kitu, kwa hiyo niliona niko sahihi. Siku moja nilipita shambani kwake bila taarifa nikamkuta anasimamia vibarua kumi na tano: wewe jembe lako kaa hivi, mbolea ile imeachwa nje kwa nini, kesho saa kumi na mbili wote hapa. Dereva mtupu.

Kwenye kikao alikuwa ananyamaza kwa sababu mama mkwe wake alikuwa mwanakikundi, na alikaa benchi la mbele.

Lee Ross, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1977 alilipa jina kosa la namna hii, la kudhani mtu anatenda kwa sababu ya tabia yake huku tukisahau mazingira yaliyomzunguka. Kwangu lilikuwa na uso na benchi. Siku hizi siandiki pembe ya mtu mpaka nimwone sehemu mbili zisizofanana, na mmoja asiponena najiuliza kwanza nani mwingine yumo chumbani.

Hatua ya 7: Vyeo visigawiwe kwa mitindo

Hii ni fupi. Kondakta si lazima awe mweka hazina mwaminifu. Kupenda namba na uaminifu ni vitu viwili. Ndiyo maana sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na kufuli hazijali mtindo wa mtu. Kwenye ajira pia usitumie: hata wenye Myers-Briggs, jaribio la tabia linalojulikana sana, wanasema wenyewe halikutengenezwa kwa ajili ya kuchagua wafanyakazi. Na anayechelewa kikao kila wiki akajitetea kwamba yeye ni Mpigadebe, alipe faini kama wengine.

Hatua ya 8: Rudini kwenye daftari baada ya mwezi

Ulizeni maswali mawili. Jambo gani mwezi huu liliamuliwa haraka kuliko zamani? Na nani amesema kitu ambacho hakuwahi kusema?

Kwenye kile kikundi cha Uporoto, wale mkwe na mama mkwe tuliwaweka kwenye kamati mbili tofauti. Mnunuzi alirudi msimu uliofuata na fuso lile lile. Safari hii mama alikuwa ameketi kwenye kamati ya mauzo, na alimwambia mwenyewe kwamba mzani upo pale nje, chini ya mti.