Kabla hujamruhusu mtu yeyote aguse gari lako jipya

Kwetu Dar es Salaam gari jipya ni lile lililoshuka bandarini juzi kutoka Japani. Huko limetumika miaka minane au kumi, lakini kwako ni jipya, na rangi yake bado unaweza kujikagulia meno. Wengi wakilipokea wanawaza wezi wa saitimira, na bodaboda watakaowapitishia usukani ubavuni kwenye foleni. Hao wapo, siwakatai. Ila magari mengi niliyoyaona yamechakaa rangi mapema hayakuguswa na bodaboda hata mmoja. Yaliharibiwa na kitambaa. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu ufunguo, ndoo au tambara, pitia haya.

Anza kabla hujalipa. Muuzaji akutumie karatasi ya mnada, ile ya Kijapani yenye mchoro wa gari uliotapakaa herufi. Herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, W ni mahali palipowahi kutengenezwa na kupigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa kabisa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa tatizo, kwa hiyo A1 usiipotezee usingizi, A3 iulizie picha. Ukiona W, jua hapo hakuna tena rangi ya kiwandani. Kiwandani bodi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi ikiwa tupu, haina viti, nyaya wala plastiki. Hakuna gereji inayoweza kufanya hivyo kwa gari zima lililokwisha kuunganishwa, bila kuyeyusha nusu yake. Rangi ya gereji hukaushwa kwa dawa na joto dogo, au jua tu.

Kama karatasi haipo, tafuta mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mlango mmoja ukisoma 120 na mwenzake 300, huo wa pili umepigwa rangi. Ikizidi sana hapo, chini yake kuna puti, ile dawa ya kujazia palipobonyea. Bampa usipoteze muda kuipima, ni plastiki.

Andika kodi ya rangi, yaani namba inayotambulisha rangi ya gari lako, kwenye simu yako siku hiyohiyo. Kwenye Toyota za Japani iko kwenye kibati ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Usimkubali fundi anayesema "nyeupe ni nyeupe tu". Hiyo ya lulu imepigwa tabaka tatu na kuifananisha ni kazi ya mtu anayejua, si ya kijana wa mtaani mwenye kopo la kupuliza.

Mahali pa kuegesha pachague kwa kutazama juu. Mkungu una kivuli kizuri sana, na usiku popo wanakuja kula kungu na kuacha kila kitu juu ya boneti. Mwembe una utomvu. Kunguru wako kila mahali (waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na tangu hapo hawajaondoka). Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaukia kwenye boneti yenye moto kinaacha alama iliyozama ambayo sabuni haiitoi. Usikikwangue kwa ukucha. Lowesha kitambaa, kilaze juu yake dakika chache hadi kilainike, kisha kiinue bila kusugua. Fanya hivyo siku hiyohiyo, usisubiri Jumamosi.

Maji ya kisima kwa upande wetu wa pwani mengi yana chumvi. Yasiachwe yakaukie juu ya rangi, na gari lisioshwe juani.

Petroli ikimwagika pembeni mwa tundu la tangi, imwagie maji papo hapo. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi, hayo yanababua rangi. Fundi akiongeza mafuta ya breki, simama uangalie anaweka wapi chupa.

Ukiombwa gari la kumbeba bibi harusi, kubali, ila maua na riboni zifungwe kwenye vitasa na saitimira. Gundi ya utepe ikishinda juani kuanzia kanisani hadi ukumbini, kuibandua ni shughuli nyingine, na kwenye paneli iliyopigwa rangi gereji inaweza kuondoka na rangi yenyewe.

Sasa kitambaa. Hapa nivumilie kidogo.

Rangi unayoiona huigusi. Juu yake kuna tabaka lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na ndilo linalong'aa na kuzuia jua. Unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani kama nusu ya karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Vumbi la mitaani kwetu lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya gari lenye vumbi, umeuchukua ule mchanga na kuuburuta kutoka boneti hadi buti. Mkwaruzo mmoja hauonekani kwa macho. Inapokuwa kila siku, kwa mwendo wa kuzungusha mkono, unaonekana.

Shemeji yangu alinunua Crown nyeusi, hiyo 202. Barabara ya mtaani kwao haina lami. Pale anapopanga kuna mlinzi, mzee mmoja mwema kwelikweli, asiyependa kukaa bure. Kila alfajiri kabla shemeji hajatoka, mzee ameshalipitishia gari fulana kuukuu, kavu, kuanzia juu hadi rimu. Akimaliza anaikung'uta fulana ukutani, anaitundika, kesho inarudi kazini. Shemeji akitoka anakuta gari linawaka, anampa mzee hela ya chai. Hela ya chai ikaongeza bidii. Siku nyingine gari lilifutwa mara mbili, asubuhi na jioni likirudi.

Kwa miezi hakuna aliyeona kitu, kwa sababu alfajiri na usiku huwezi kuona. Siku moja tumeegesha nje ya ukumbi, jua la saa saba, mtu mmoja akauliza kama gari limeoshwa kwa stilwaya. Tukainama. Pale jua lilipokuwa linaakisi kwenye boneti kulikuwa na mikwaruzo midogo ya duara duara, maelfu, kuanzia boneti hadi milango. Nyeusi haifichi kitu.

Tatizo la pili lilianzia kwenye kulitatua la kwanza. Fundi mwenye mashine alimwambia, "Bosi, hii inatoka yote leo." Na kweli ilitoka. Alipiga kampaundi kali, ile dawa nzito ya kung'arishia, kwa pedi ya sufi na mashine ya kasi, jioni gari likawa kama limetoka kiwandani. Kitu ambacho shemeji hakuambiwa ni kwamba kampaundi haijazi mkwaruzo. Inakula klia iliyouzunguka mpaka pote pawe sawa. Kwenye mikunjo na kingo za boneti klia huwa nyembamba zaidi, na mashine huuma zaidi hapohapo. Baada ya wiki kadhaa ukingo wa boneti ukaanza kupauka, kisha klia ikaanza kubabuka. Hapo polishi haina la kufanya tena, ni rangi.

Rangi ikapigwa uwanjani, upepo unapita. Ikatoka na punje za vumbi ndani yake, na mng'ao usiofanana na wa madigadi zake. Alipotaka kuliuza, kila mnunuzi alikwenda moja kwa moja kwenye boneti na swali moja: hili liligonga nini? Akisema halijawahi kugonga, wanacheka. Akisema lilifutwa, wanacheka zaidi. Bei ikashuka kwa ajali ambayo haikutokea.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla hata ya kununua shampuu, ni kuzungumza na mlinzi. Mwambie kwa heshima: shikamoo mzee, gari hili tafadhali usilifute hata likiwa na vumbi kiasi gani, na hela ya chai iko palepale. Hiyo hela isimame kweli, maana ukiikata ataamini umekasirika na kesho utalikuta limefutwa ili mpatane. Mwambie na dada wa nyumbani, na mdogo wako anayekaa kwako. Dasta ya manyoya nayo itoe kwenye buti, uwape watu wa kabati la vyombo.

Kwenye sehemu za kuosha magari usiende mikono mitupu. Sponji iliyoko pale asubuhi imepita kwenye lori la mchanga, na wewe unafuata. Nenda na glavu yako ya kuoshea, shampuu ya gari na vitambaa vyako vya maikrofaiba. Sabuni ya unga inaondoa nta yote, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Vijana watakuona una maringo, wape chao na ucheke nao, lakini usiondoke kwenda kunywa soda.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Gari kwanza limwagiwe maji mengi bila kuguswa, vumbi na tope vishuke vyenyewe. Mashine ya presha isisogezwe karibu sana, hasa mahali palipowahi kupigwa rangi. Kisha ndoo mbili, moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila inapotoka kwenye gari. Anza na paa, malizia na sehemu za chini za milango, maana huko ndiko mchanga unakokaa. Rimu zina kitambaa chao. Nenda kwa mstari ulionyooka. Kukausha, laza maikrofaiba juu ya maji uivute taratibu. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, hakirudi kwenye bodi siku hiyo.

Turubai la kufunikia gari linasaidia dhidi ya jua na ndege, kwa sharti moja: gari liwe safi na kavu. Ukifunika gari lenye vumbi, upepo utafanya kazi ya yule mzee usiku kucha, tena bila hela ya chai.

Nta ni rahisi na inatosha kwa wengi wetu, ila kwa jua hili irudie mara kwa mara. Maji yakiacha kujikusanya matone juu ya boneti, muda umefika. Keramiki, ile dawa ya maji inayopakwa ikagandia juu ya klia, inadumu zaidi na inafanya uchafu usishike sana, lakini anayekuambia kwamba inazuia mikwaruzo ya kokoto anakuuzia maneno. Kinachopokea kokoto ni ile plastiki ngumu ya uwazi inayobandikwa. Ni ghali, na si lazima gari zima. Boneti, bampa ya mbele na kingo za milango ndizo zinazoumia. Chochote utakachochagua, kisiwekwe juu ya mikwaruzo, maana utakuwa umeihifadhi. Wala kisiwekwe juu ya rangi iliyopigwa gereji wiki iliyopita. Ipe mwezi mmoja ipumue.

Barabarani, kutoka Chalinze kwenda mbele usijibanze nyuma ya lori la kokoto. Likikuzidi mwendo liache liende, likikuchelewesha lipite kwa nafasi, usigande nyuma yake kilomita ishirini ukihesabu tairi. Kwenye vumbi funga mipira ya kuzuia matope kama gari halina.

Nyumbani, boneti si meza. Mkoba una vifungo vya chuma, ndoo ina kitako, na ufunguo ukiwekwa juu ya buti utateleza. Watoto wakiandika NIOSHE kwa kidole kwenye vumbi, wameandika kwa mchanga, na gari likioshwa neno litabaki. Paka atalala juu ya boneti yenye joto na huwezi kumshauri, ila bakuli lake la chakula usiliweke karibu na gari.

Ukipata mkwaruzo mdogo uliofika kwenye chuma, usiuache. Pwani hii hewa ina chumvi, na kutu haingoji mwisho wa mwezi. Osha, kausha, paka rangi ya kodi yako kwa brashi ndogo hata kama haitapendeza sana. Mlima mdogo wa rangi ni nafuu kuliko tundu.

Ukipeleka gari gereji kwa jambo lolote, hata kubadilisha oili, lipige picha pande zote nne mbele ya fundi kabla hujaacha ufunguo. Bima ndogo haitakulipa mkwaruzo wako, kwa hiyo kama gari ni la bei, soma masharti ya bima kubwa ujue kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe kabla hawajalipa. Na anayeazima gari aambiwe mahali pa kuegesha. Harusini, msibani, sokoni, ulizia kwanza pale wanapopita na mikokoteni, ndipo uzime injini.