Kabureta ya gari la zamani: kutambua hitilafu na kuibadilisha

Gari la zamani likianza kukohoa, kunywa mafuta kupita kawaida au kuzimika kila linaposimama kwenye taa za Magomeni, Dar es Salaam, kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) ndiyo ya kwanza kushutumiwa, na mara nyingi husingiziwa. Pointi zilizoungua (swichi ndogo ndani ya distribyuta, kigawaji cha umeme wa plagi), plagi zilizochakaa, mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka na chujio la mafuta lililoziba huleta dalili zilezile, na kurekebisha vitu hivyo hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kununua kabureta nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mbali kidogo na kabureta yenyewe. Mfano unaotumika hapa ni Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yenye injini ya 4K, ingawa utaratibu haupishani sana na ule wa Datsun 1200 au Land Rover Series III.

Anza na moto, yaani cheche za plagi. Chomoa plagi zote nne na uzipange chini kwa mfuatano wa silinda zake, kisha uzitazame kwa pamoja. Masizi meusi makavu kwenye plagi zote yanaonyesha kwamba mafuta yanazidi hewa, na weupe kwenye plagi zote unaonyesha kwamba hewa inazidi mafuta. Ikiwa plagi moja tu ni nyeusi na tatu zilizobaki ni safi, iache kabureta, kwa kuwa yenyewe hulisha silinda zote nne. Tatizo la silinda moja litafute kwenye plagi hiyo, waya wake, au mgandamizo wa silinda husika. Mwanya wa plagi uwe yapata milimita 0.8 na wa pointi yapata milimita 0.45. Usiendelee mbele kabla ya sehemu hii kukaa sawa, kwa sababu kabureta haiwezi kupimwa kwenye injini ambayo moto wake hautabiriki.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba petroli inafika. Chomoa waya mkubwa wa koili ili injini isiwake, vua mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya plastiki inayoonyesha, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Pampu nzima hurusha mafuta kwa nguvu na kwa mapigo yanayohesabika. Iache chupa itulie na utazame chini yake: maji hujitenga na kukaa kitako chini ya petroli, pamoja na chembe za kutu. Kwa unyevu wa pwani na matangi ya miaka mingi, hilo si jambo la kushangaza, na kabureta mpya itakayofungwa kwenye tangi lenye kutu itaziba jeti zake, yaani vitundu vya kupitishia petroli, kama ile iliyotangulia. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, injini ikiwa ya baridi, pasiwe na sigara karibu, na kizimamoto kiwe jirani. Epuka pia ule mtindo wa kumimina petroli kwenye koo la kabureta huku stata ikipigwa. Injini ikirudisha moto, mwali hutokea papo hapo usoni mwa aliyeinama.

Hatua ya tatu hurukwa na mafundi wengi, nayo ni kutafuta hewa inayoingia kwa njia za panya. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia yenye maji safi, upulize kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, kwenye maungio ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa na mafuta kwenye silinda) na kwenye kila mpira wa vakyumu, bila kulowesha distribyuta na nyaya za plagi. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika ghafla ndipo penye ufa. Gasketi iliyokauka chini ya kabureta huifanya injini ikatae kukaa sailensa, yaani kunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, hata ukizungusha skrubu mchana kutwa.

Sasa ndipo zamu ya kabureta inapofika. Injini ikiwa imezimwa na chujio la hewa limetolewa, chungulia kooni na uvute mkono wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli: mchirizi mwembamba wa petroli unapaswa kuruka mara moja, na usiporuka, gari litasita kila unapokanyaga. Fungua swichi bila kuwasha injini na usikilize kama solenoidi iliyo ubavuni (vali ya umeme inayofungua njia ya mafuta) inatoa mlio wa "tak". Isipofanya kazi, injini huzimika pindi unapoachia mafuta, na watu hununua kabureta nzima kwa sababu ya kifaa hicho kimoja. Tazama pia kidirisha cha bakuli la mafuta, kwa sababu usawa ukipita alama, aghalabu sindano ya boya, inayozuia mafuta yasizidi kwenye bakuli, haifungi vizuri. Mwisho, shika ekseli ya kipepeo cha hewa (bamba linalofunguka unapokanyaga mafuta) na uitikise. Ikicheza waziwazi kwenye matundu yake, hewa hupenya hapo, na hilo, pamoja na mwili uliopinda au kuliwa na kutu, ndiyo sababu ya haki ya kuibadilisha kabureta. Mengine yote yaliyotajwa hutibika kwa kuisafisha na kuifunga vifaa vipya vya ndani.

Unapokwenda Gerezani, Kariakoo, kununua, nenda na kabureta ya zamani mkononi. Linganisha nafasi za matundu ya nati, upenyo wa koo, upande ulipo mkono wa mafuta, idadi ya mirija ya vakyumu na plagi ya umeme. Kabureta ya mtumba inafaa ikiwa ekseli yake haichezi, lakini uliza ilikotoka: iliyopunguziwa mafuta kwa ajili ya hewa nyepesi ya Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya bahari, italifanya gari likose nguvu hapa pwani mpaka irekebishwe.

Kabla ya kufungua chochote, toa waya wa hasi wa betri, piga picha kwa simu pande zote, na funga kila mpira kwa utepe wenye namba. Vua mipira, kebo ya mafuta na ya choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia injini ya baridi), kisha legeza nati za kitako, ambazo kwa Toyota hizi ni za spana namba 12. Mara kabureta inapotoka, ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi. Nati ikidumbukia humo, utalazimika kuivua manifoldi nzima. Kwangua mabaki ya gasketi mpaka chuma kionekane kisafi, lakini usikitupe kile kipande kinene cheusi kilicho chini ya kabureta, kwani ndicho kinachozuia joto la injini lisichemshe petroli kwenye foleni. Funga gasketi mpya zikiwa kavu, bila silikoni, maana petroli huilainisha na vipande vyake huishia ndani. Kaza nati kwa mkatano, kidogo kidogo, na weka chujio jipya la mafuta. Kabla ya kuwasha, mtu akanyage pedeli mpaka mwisho nawe uthibitishe kwamba kipepeo kinafunguka chote na kurudi chenyewe.

Wakati wa kurekebisha, injini iwe imepata moto na choki iwe wazi. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Washa injini, uzungushe skrubu hiyo polepole mpaka upate mlio wa juu na ulio tulivu kuliko yote, ndipo ushushe sailensa kwa skrubu yake hadi karibu na mizunguko 750 kwa dakika. Endesha gari mpaka Pugu, mahali penye mwinuko, kisha uchomoe plagi: rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa. Baada ya siku chache, injini ikiwa ya baridi, kaza tena nati za kitako, kwa kuwa gasketi mpya hujibana zaidi ikishapata joto.