Kamati Mbili Zikiwa Moja: Namna ya Kupata Wajumbe wa Misheni na Haki

Wapendwa washirika, baraza la wazee limeniagiza kuandika somo hili baada ya sisi wenyewe kukosea. Tulipounganisha kamati ya misheni na kamati ya haki katika kanisa letu la ibada ya Kiswahili hapa Isingiro, Uganda, tulichukua orodha mbili, moja ya watu 11 na nyingine ya watu 9, tukafuta majina 3 yaliyojirudia, tukatangaza kamati ya watu 17. Kwa miezi minne akidi haikutimia hata mara moja. Mama mjane aliyeleta shauri la shamba lake alikaa kwenye benchi la nje, hati zake zimefungwa katika pindo la kitenge, hadi jua likazama, kisha akarudi nyumbani bila kusikilizwa. Kutokana na siku hiyo ndiyo naandika.

Hatua ya kwanza ni kuvunja kamati zote mbili siku moja, kwa azimio la baraza lililoandikwa katika kumbukumbu. Asibaki mtu na kiti cha zamani, hata mwenyekiti. Madaftari, risiti na fedha zikabidhiwe kwa katibu wa baraza mbele ya mashahidi wawili.

Hatua ya pili, andikeni kazi kabla ya majina. Kwetu kazi ni kutembelea wagonjwa na wafungwa, kuhubiri vijijini, kuwasindikiza wenye migogoro ya mashamba, na kufuatilia wasichana walioacha shule. Mkiandika hivyo mtaona wazi ni watu wa namna gani mnaowahitaji.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, nami naomba msiipite haraka: gaweni viti. Wengi hudhani haki itapatikana kwa kugawa nusu kwa nusu, watu wa misheni upande huu na watu wa haki upande ule. Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume waliuambia mkutano uchague watu 7 walioshuhudiwa kuwa wema. Majina yote yaliyochaguliwa, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Kazi iliwekwa mikononi mwa upande uliokuwa ukinung'unika. Tena Filipo, aliyechaguliwa kuhudumu mezani, katika sura ya 8 anaonekana Samaria akimhubiri Kristo, kwa hiyo misheni na haki zilikaa ndani ya mtu yule yule tangu mwanzo.

Kwa hiyo sisi tuliamua viti 9: 3 vya waliozoea kazi ya misheni, 3 vya waliozoea kazi ya haki, na 3 vya wale ambao jambo lenyewe linawagusa, yaani mjane mmoja, kijana mmoja, na mkimbizi mmoja kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu washirika wetu wengi hutoka huko. Mchungaji huhudhuria na kushauri, lakini hapigi kura.

Hatua ya nne, majina yapendekezwe na vikundi vya sala vya mitaani, na kila anayependekezwa aulizwe faraghani kabla ya kutajwa, maana mtu akisikia jina lake kwa mara ya kwanza madhabahuni hukubali kwa aibu, na baadaye hatokei. Yasomwe Jumapili mbili mfululizo ili mwenye pingamizi aende kwa wazee, kisha baraza lithibitishe.

Hatua ya tano, muhula uwe miaka 3, na kila mwaka wajumbe 3 wapumzike, ili kamati isianze upya yote kwa pamoja.

Maswali ya washirika

Mama mmoja wa kwaya: Ndugu katibu, mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ni mshirika mwaminifu. Kwa nini asiwe mjumbe?

Jibu: Mama, uaminifu wake hatuutilii shaka. Lakini chini ya Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006, LC1 husikiliza mashauri ya kijiji, na wengi tunaowasindikiza huanzia kwake. Hawezi kumsindikiza mtu hadi kwenye kiti anachokikalia mwenyewe. Aitwe kama mshauri.

Kijana wa ibada ya pili: Mkimbizi akihamishwa au akipata safari ya kwenda kuishi nchi nyingine, kiti chake kitabaki wazi?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Kila kiti kati ya vile 3 vya wanaoguswa na jambo lenyewe kina mjumbe wa akiba anayehudhuria tangu siku ya kwanza. Tena msiogope kumchagua mkimbizi: yeye ndiye anayejua kwamba kiwanja alichogawiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu hakiuzwi, na huwaonya wenzake kabla hawajampa dalali fedha.

Mzee wa mtaa: Wale wa kamati za zamani waliobaki nje wameumia. Tuwaambie nini?

Jibu: Mzee wangu, sisi tulikwenda nyumbani kwa kila mmoja, watu wawili wawili, kabla orodha haijasomwa, tukawashukuru kwa kazi waliyoifanya na kuitaja kazi hiyo kwa jina. Wawili bado hawajaridhika, na tunaendelea kuwatembelea. Mmoja aliomba abaki na kazi yake ya kupeleka sabuni na Biblia gerezani. Tukamwachia, maana kazi ya kamati inaweza kufanywa na mshirika yeyote, ila kura ni ya wajumbe 9.