Kuchambua vigae vya Siraf: tazama mvunjiko kabla ya rangi

Siraf, bandari ya kale ya Waajemi kwenye Ghuba ya Uajemi, ilichimbwa na mwanaakiolojia David Whitehouse kuanzia 1966 hadi 1973. Vigae (vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika) vya aina hizohizo huchimbuliwa pia Manda na Shanga huko Lamu, na Unguja Ukuu, kwa hiyo utaratibu huu unatufaa hata huku pwani.

1. Osha kigae kimojakimoja kwa maji safi na brashi laini. Glezi (tabaka la kioo juu ya chombo) inayobanduka usiisugue. Asidi usiitumie kabisa, hata kigae kikiwa kimegandwa na ukoko: udongo wa mitungi ya Ghuba wenyewe una chokaa, na asidi itaula.

2. Toa chumvi. Hapa ndipo vigae vingi huharibika. Kigae cha pwani kimenyonya chumvi. Ukikianika tu, chumvi hugeuka fuwele chini ya glezi na kuisukuma mpaka ibanduke. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha kila siku, na upime chumvi ya maji kwa mita mpaka isipande tena. Kausha kivulini.

3. Banja kipande kidogo pembeni kwa koleo, ukitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Glezi iliyozikwa muda mrefu hubadilika: feruzi hufifia ikawa nyeupe au ya kumetameta, ukadhani umepata chombo kingine. Mvunjiko, yaani uso wa udongo pale kigae kilipovunjika, haubadiliki hivyo.
Ukiwa wa rangi ya krimu, laini hata ukucha unaukwaruza, na ukuta mnene, huo ni mtungi wa feruzi wa Ghuba. Kijivu, mgumu, unaolia ukigongwa: mtungi wa Kichina wa glezi ya kijani. Bakuli nyeupe ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu wafinyanzi wa Iraki waliziiga za Kichina: kaure ni nyeupe hadi ndani, ya Iraki ni ya manjano chini ya glezi. Udongo mwekundu wenye ngozi nyeupe ya udongo mwepesi iliyochorwa kwa ncha ni wa baadaye, karne ya 11 hivi.

4. Paka Paraloid B-72 (gundi angavu inayoweza kuondolewa baadaye) upande wa ndani, andika namba kwa wino, paka tena juu. Usiandike kwenye mvunjiko, utazuia kuunganisha.

5. Pima kipenyo cha mdomo kwenye karatasi iliyochorwa miduara ya vipimo. Mdomo uliobaki chini ya asilimia 5 usiukadirie kipenyo.

6. Hesabu na upime uzito kwa kila aina, kila tabaka na fomu yake. Idadi peke yake hudanganya: mtungi mmoja mkubwa wa feruzi ukivunjika hutoa vigae vingi kuliko bakuli kadhaa.